Magofu ya Kua na bangili za marehemu mama

Tulivuka kwa mashua kutoka Utende, maji yakiwa yamejaa, tukashuka Kua katika kisiwa cha Juani. Jumba la watawala limebaki kuta za mawe, na misikiti haina dari. Mji huu uliangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19.

Kijana mmoja wa msafara wetu akauliza: "Vito vya wafalme vilikwenda wapi?"

Tulimkumbusha habari ya Sayyid Said bin Sultan, ambaye dola yake ilienea hadi Mafia. Alifariki baharini mwaka 1856, akaacha watoto 36. Mali yake binafsi haikuhifadhiwa pamoja kwa ajili ya kiti cha enzi, kama vilivyohifadhiwa vito vya taji la Uingereza. Iligawanywa kwa sharia, hata binti yake Salme, mwenye umri wa miaka 12, akapata shamba na fedha zake. Basi kutawanyika kwa mali ya wafalme si hasara daima. Huenda ni haki iliyowafikia wenyewe.

Kijana akanyamaza, nasi pia. Kamati yetu imepokea mashauri ya ndugu waliozikalia bangili za marehemu mama yao kwa miaka, huku dada zao wakiambiwa wasubiri. Ilhali Sura An-Nisaa, aya ya 7, imewathibitishia wanawake fungu lao, liwe dogo au kubwa.

Ndugu zetu, deni likishalipwa na wasia ukishatekelezwa, tusingoje. Tugawe.