Masaki kuna nafasi, tena kubwa

Sisi wa Kashaulili, pale Mpanda mjini, tumezoea nyumba ya kupanga yenye uwani na jirani anayepiga hodi bila miadi. Mume wangu akapata kazi Dar, kodi inalipwa na mwajiri, tukahamia apatimenti ya Masaki: vyumba vitatu, kila kimoja na choo chake, roshani inatazama Bahari ya Hindi.

Raha ipo jamani, nisiseme uongo. Lifti, jenereta, mlinzi getini. Lakini kabla hujasaini, shosti, uliza. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Akikutajia dola, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Uliza LUKU ni yako au mnachangia, maana viyoyozi vinakula yuniti balaa! Kagua na nondo za madirisha, upepo wa bahari una chumvi.

Ila hakuna dalali anayekutajia ukimya. Kwenye nyumba kubwa hivi mtu na mumewe mnaweza kununiana siku nzima msikutane. Kule Kashaulili, chumba na sebule vilitupatanisha kabla ya chai.

Nikamwambia, "Mpenzi, kile chumba cha tatu tumwite mama."

Mama mkwe kaja kwa basi. Kila asubuhi anaanika mihogo roshanini, na mlinzi kashalalamika mara mbili.