Maji ya Ikweta

Ndugu msomaji, mstari wa Ikweta hauonekani kwa macho. Ramani zinauchora, walimu wanautaja, lakini ukifika penyewe unakuta nyasi, vumbi na mbuzi kama kwingine kote. Ndiyo maana watu husimamisha vibao. Kibao cha Nanyuki kiko kando ya barabara itokayo Nairobi, mahali penye mwinuko wa karibu mita 1,950, na nyuma yake pamejaa vibanda vya vinyago.

Matatu yetu ilipata pancha hapo karibu. Makanga akasema, "Nusu saa tu, jamani," nasi tukajua ni saa nzima. Nikajivuta hadi vibandani.

Kibanda kimoja kilikuwa cha familia. Mama anauza vyondo na shanga. Kijana mkubwa anachonga. Binti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anaandika vyeti vya kuthibitisha kwamba fulani amevuka Ikweta. Na baba mtu, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, ana jagi na beseni lenye tundu chini.

"Karibuni, karibuni! Hapa ndipo dunia imekatwa kati kwa kati!"

Akatuongoza hatua kama ishirini kaskazini, akamimina maji, akaelekeza kijiti cha kiberiti juu yake. Maji yakatoka tunduni, kijiti kikazunguka kama mishale ya saa. Tukaenda kusini, kikazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe kikatulia tuli, maji yakashuka moja kwa moja. Watalii wakapiga makofi. Wakanunua vyeti.

Mimi nilikuwa nimesoma habari hizi. Nguvu inayotajwa ilielezwa mwaka 1835 na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis. Ni kweli ipo, na ndiyo inayopinda njia ya pepo na dhoruba kubwa. Lakini ndani ya beseni ni hafifu mno. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alijaza maji tangi lenye upana wa futi 6, akayaacha yatulie saa 24, kisha akafungua kitundu kidogo. Zilipita zaidi ya dakika kumi ndipo mzunguko ukaonekana, nao ulikuwa kinyume cha mishale ya saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney wakafanya vivyo hivyo, yao yakazunguka upande wa pili. Kwa hiyo maji ya mzee wetu hata upande yamekosea! Tena hatua ishirini kutoka Ikweta nguvu hiyo ni kama haipo. Maji yanafuata mkono: jinsi anavyomimina, na jinsi anavyogeuka na beseni kuwaelekea wageni.

Nilikuwa nasubiri cheti changu binti aliponiuliza kwa sauti ya chini.

"Kaka, wewe unaonekana umesoma. Yale maji ni ya kweli?"

"Mwalimu wenu amesemaje?"

"Amesema ni uongo. Darasa zima likageuka kuniangalia." Akaendelea kuandika. "Nikamwuliza baba. Akasema karo hailipwi na mwalimu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Hakushangaa. Akanionyesha kijiti kilichosimamishwa wima nyuma ya kibanda, kimezungushiwa mawe.

"Hiki ni changu. Mwezi wa tatu, tarehe 20 au 21, na mwezi wa tisa, tarehe 22 au 23, jua linapita juu ya utosi. Kivuli kinaisha kabisa. Si saa sita kamili lakini, ni kama saa sita na nusu."

Alikuwa sahihi. Saa za Kenya zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, na Nanyuki iko karibu digrii 37. Jua huchelewa kufika pale.

"Wageni wanakitazama?"

"Mara ya mwisho walikuwa wawili. Baba aliwaomba wangoje dakika kumi. Wakasema dereva ana haraka."

Niliposikia kwamba mzee ndiye aliyewaomba, ile hasira yangu ya kitabuni ikapungua. Maji yanaonyeshwa kila siku, kwa dakika tatu, mvua au jua. Kivuli kinaisha siku mbili kwa mwaka, na wingu moja linatosha kuharibu.

Wengi wetu tunaoandika kurasa hizi tulisomeshwa kwa kazi za aina hiyo, tukarudi nyumbani na vitabu vya kuwakosoa waliovilipia. Sisemi tunyamaze. Yule binti aliuliza, akastahili kujibiwa. Ila ukimwambia mtu maji yake ni uongo, mwachie na kitu cha kuuza kesho.

Basi, msomaji, ukipita Nanyuki siku hizo, mwambie dereva angoje. Uliza kijiti. Na ulipe.