Nakshi za Ukutani katika Majengo ya Pumwani



Mtu wa Pwani aingiapo mitaa ya mashariki ya Nairobi hushangazwa kwanza na majina. Kaloleni, Makadara, Majengo, Shauri Moyo, Pangani, Pumwani: utadhani majina ya kwetu yalipakiwa garini yakapandishwa bara. Waislamu Waswahili walikuwa miongoni mwa wakaazi wa mwanzo wa mji ule. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa watu wake walihamishiwa Shauri Moyo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda huko kumjulia hali binti wa dada yangu, aliyeolewa Majengo ya Pumwani. Nilipita Gikomba baina ya marobota ya mitumba, nikaswali adhuhuri Msikiti Riyadha, kisha nikaingia vichochoroni. Nyumba nyingi za zamani huko ni za mtindo wetu: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, mabati juu. Yeye ana chumba kimoja, cha kupanga.

Nilipofunua pazia nikasimama mlangoni. Ukuta ule wa udongo uliopigwa lipu, ambao mwaka jana niliuacha na madoa ya unyevu, ulikuwa umevaa nakshi za buluu iliyokoza juu ya rangi ya maziwa, ua likifuata ua kutoka pembe hadi pembe.

"Umemtoa wapi fundi?" nikauliza.

"Fundi ni mimi, Mjomba."

Akanionyesha kiolezo chake. Ni filamu kuukuu ya eksirei, ameiloweka kwenye jiki hata mbavu za mja wa Mungu nisiyemjua zikafutika, ikabaki plastiki safi. Juu yake amenakili pindo la leso ya mama yake, akalikata kwa wembe. Kiolezo hubandikwa ukutani kwa utepe, na rangi ya maji hudonolewa kwa kipande cha sponji ambacho kwanza kimekamuliwa kwenye gazeti mpaka kikaribie kukauka. Rangi ikizidi, hupenya chini ya filamu na ua huvuja kama wino. Huanza katikati ya ukuta, si pembeni, ili maua yatakayokatika yakatikie pembe zote mbili kwa usawa. Na kwa kuwa kuta zile zimepinda kwa umri, hafuati timazi, hufuata jicho. Nilikumbuka zidaka za nyumba za mawe za Lamu, ambako mafundi wa lipu walichonga umbo dogo wakalirudia mara mia, na chumba kikapata haiba.

Basi majirani wakaona, wakaanza kumwita. Mumewe alikuwa na miezi minne hana kazi, na ile sponji ndiyo iliyokuwa ikinunua unga. Hapo ndipo aliponiuliza aliloniitia. Jirani mmoja, anayemwoza bintiye, ametaka tausi wawili ukutani kwa chumba cha maharusi, na ametanguliza shilingi 1,500. Mwingine anataka Ayatul Kursiyyu juu ya kitanda.

Nilimkumbusha Bibi Aisha (r.a.), alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukizwa nalo, likakatwa likafanywa mito. Ndege mwenye roho ukutani, nikamwambia, mwache. Na aya pia iache: katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ametaja kuwa kuandika Qur'ani kutani ni makruhu, na ukuta wa chumba chenye unyevu hubambuka, maneno ya Mola yakafagiwa pamoja na taka. (Najua misikiti yetu mingi imeandikwa. Hilo lina siku yake.)

Hakubisha. Alinyamaza, akazungusha wembe mkononi. Katika mchana mmoja nilikuwa nimemfungia milango miwili ya riziki, na chai yake bado i mkononi mwangu. Zile 1,500 zilikwisha kuwa gesi na unga. Nikatia mkono mfukoni. Akaukataa, akisema kwamba hakuniita kwa hilo, na nikaona haya.

Kisha akauliza polepole, "Na unyoya peke yake, Mjomba? Wa tausi, bila tausi?"

Nilifikiri kitambo. Unyoya hauna roho, wala hauishi peke yake. Nikamwambia sioni ubaya.

Akaivuta filamu mpya, akakaa mkekani karibu na mlango penye mwanga, akaanza kuchora lile duara la unyoya wa tausi liitwalo jicho. Nilipoaga kwenda kuwahi alasiri alikuwa amekata manyoya matatu, na jirani alikuwa bado hajaambiwa.