Kawia Ufike

Ilikuwa adhuhuri ya mwezi wa Julai. Mwanafunzi mmoja Mkenya aliyeishi Los Angeles alipigiwa simu kwamba dada yake, mkaazi wa Tucson, alikuwa amejifungua salama. Moyo ulimtuma ashike usukani papo hapo. Akili ikamtaka aitazame ramani kwanza.

Barabara kuu ya I-10 ingempitisha jangwani, mwendo wa takriban kilomita 780. Baina ya Indio na Blythe, kilomita zipatazo 150, vituo vya mafuta ni adimu, nalo joto la Julai hupita nyuzi 40. Tena, akiondoka adhuhuri, angeingia Arizona jioni, wakati ambapo dhoruba za vumbi huzuka mara nyingi kati ya Phoenix na Tucson. Huko madereva hufunzwa jambo linaloonekana kinyume cha busara: vumbi likitanda, toka barabarani kabisa, simama, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Sababu ni kwamba anayekuja nyuma huziandama taa akidhani gari linakwenda, akaligonga.

Akampigia dada yake simu kwa unyonge. "Niwie radhi, dada. Nitakuja kesho."

"Kawia ufike, kaka," akajibiwa.

Alijaza mafuta, akapakia maji ya kutosha, akalala. Saa kumi alfajiri aling'oa nanga. Kufikia saa nane mchana, kabla mawingu hayajakusanyika, mjomba alikuwa amempakata mpwa wake.