Daftari la Mwisho wa Mwaka



Mnamo Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola. Alikuwa njiani kutafuta kusimamishwa kwa vita vya Katanga. Nyumbani kwake New York lilikutwa daftari aliloanza kuliandika tangu ujana. Hakulijaza sifa za cheo chake, bali maswali, sala na mashairi mafupi.

Nasi tuupime mwaka hivyo. Mabaya yaliyotupata hatutayasahau, hata tusipoyaandika. Kinachotoweka upesi ni kile yalichotenda ndani yetu: chuki iliyoanza kuota, au shukrani tuliyoiacha bila kuitamka.

Sisi makatekista tunachora njia yenye vituo 12, kimoja kwa kila mwezi. Katika kila kituo tunaandika jina la mtu mmoja: aliyetubeba, au ambaye hatujamsamehe. Asiyependa maneno huchora mti, mto au mlango uliofungwa. Hakuna anayelazimishwa kuonyesha daftari lake.

Atakayekuta jina lile lile katika vituo vitatu, amekwisha kuijua kazi yake ya Januari.