Boksi la Mashine Lisilo na Nyutro: Liandike Kabla Halijaleta Msiba



Ugani hunipeleka kwenye mashine za kusaga na kukoboa karibu kila wiki, maana ndiko mahindi na mpunga wenu unakoishia. Nikishasalimia na kuangalia nafaka, hutazama ukutani lilipo boksi la umeme. Mimi si fundi umeme, na leo sikufundishi kufunga waya. Nakueleza mambo ya kudai kwa fundi wako, kwa sababu mashine ni yako na wateja ni wako.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Mota ya fezi tatu haihitaji nyutro. Inatosha kupelekewa fezi tatu na waya wa ethi. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, nao ndio umeme wa taa, redio na chaji ya simu. Kwa hiyo fundi akivuta waya nne tu kutoka meni swichi hadi boksi dogo la mashine, kwa ajili ya mota peke yake, hajakuibia. Muulize tu kama koili ya stata ni ya volti 400, kwa kuwa ile ya volti 230 itadai nyutro.

Tatizo huja baadaye. Fundi wa kwanza amehama, nawe unataka taa moja juu ya mashine na mahali pa kuchajia simu za wateja. Unaita kijana wa jirani. Anafungua boksi, anatafuta nyutro, haioni. Anachukua fezi moja na ethi. Taa inawaka, mnashukuru, analipwa.

Kuwaka kwa taa ile ndiko kunakodanganya. Waya wa ethi umefungwa kwenye chuma cha mashine. Kazi yake ni kulinda watu siku ya hitilafu, si kurudisha umeme wa taa kila siku. Ukikatika au ukilegea upande wa meni swichi, umeme uliopita kwenye taa utakosa njia ya kurudi na utakaa kwenye chuma. Breka haitashuka. Taa itazimika, mtadhani imeungua. Anayefuata kugusa mashine ni mama aliyeinua debe la mahindi, mikono ina jasho na miguu i peku.

Rangi nazo hudanganya. Katika mtindo wa zamani, fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Katika mtindo mpya, fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Waya wa bluu ndani ya boksi la zamani ni fezi kamili. Anayeudhani nyutro ataipa taa ya volti 230 volti 400, na kama ni redio au chaja, utaona moshi.

Dai basi mambo manne:

1. Fundi awe na leseni ya EWURA. Azime meni swichi na apime kwanza kabla ya kugusa.

2. Kila waya uwekewe alama ya fezi yake kwa utepe. Waya wa kijani na njano ubaki wa ethi tu.

3. Boksi liandikwe kwa rangi ya mafuta, nje na ndani ya mfuniko, kwa kuwa karatasi haidumu kwenye vumbi la unga: "HATARI. VOLTI 400. FEZI TATU NA ETHI. HAKUNA NYUTRO. MOTA TU. USITOE TAA WALA SOKETI HAPA." Chini yake iandikwe namba ya breka inayolizima na mahali ilipo, pamoja na tarehe.

4. Ukitaka taa, ivutiwe njia yake yenye nyutro kutoka boksi kubwa.

Mwenye mashine mmoja aliniambia, "Bwana shamba, wateja wangu hawana muda wa kusoma ukuta." Nilimjibu kwamba maandishi yale ni ya fundi ajaye, siku ambayo wewe umesafiri na aliyelifunga hayupo wa kuulizwa.

Kesho ukifungua mashine, tazama kwa nje tu. Kama kuna taa au soketi inayotoka kwenye boksi la mota, au mtu amewahi kusema mashine "inamchoma" akiigusa, zima meni swichi na umwite fundi kabla ya kusaga debe jingine. Wateja watanung'unika kwa siku moja, lakini watarudi.