Kamio ya kulala na watoto

Wamama, toka Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua, kamio inageuka nyumba. Ikikwama katika matope, tunalala palepale. Ndiyo sababu, mbele ya kulipa, tunaizunguka kwanza. Zote ni za zamani. Rangi mpya haitudanganyi. Tunatazama mipira ya magurudumu, bache kama haijatoboka, na mizigo: magunia ya mchele yanalaza mtoto vizuri, mapipa ya mafuta hapana. Juu ya magunia, chini ya bache, pamoja na chandarua, ndicho kitanda cha juu. Kitanda cha chini, uvunguni mwa gari, wanaume wanakipenda kwa kuwa ni kikavu. Watoto wetu hatuwalazi huko: udongo uliolowa unaweza kudidimia usiku, gari likashuka. Shofere akikasirikia maswali yetu, tunangojea kamio nyingine.